Mjadala: Kijiji wanamoishi watu kuingiliwa kwa tiketi, ni haki?

Mama Shehena
Wadau, salaam. Niko Guangzhou kwa shughuli za mizigo. Mwezi wa sita nilipanda treni ya kasi hadi Guilin, halafu basi la kupanda milima ya Longsheng kwenda kuona majaruba ya Longji. Kwa asiyewahi kuona picha zake: ni milima mizima, kutoka bondeni hadi juu zaidi ya mita 1,000, imechongwa ngazi kwa ngazi za mpunga. Kijiji cha Ping'an ni cha Wazhuang, Dazhai ni cha Wayao (wa China hao, si ndugu zetu wa Tunduru). Kazi hiyo ilianza enzi za utawala wa Yuan, zaidi ya miaka 600 nyuma, kwa jembe la mkono.

Sasa hoja yangu. Kabla hujaona hata nyumba moja basi linasimama getini, unalipa yuani 80. Ndani ya hilo geti watu wanaishi, wanapika, wanaanika nguo. Wenzangu kwenye basi walinung'unika kwamba huwezi kuuza tiketi ya kuingia kwa watu. Mimi naunga mkono tiketi, kwa sharti moja: hela imfikie mwenye jembe. Nilimkuta baba mmoja anaziba ukingo uliovuja. Anachota tope kwa viganja, analibandika, analisawazisha kwa mgongo wa koleo. Jaruba lenyewe kitanda cha sita kwa sita kingelifunika lote. Hakuna mashine inayofika pale, na sisi sote tulikuwa tunapiga picha kazi ya mikono yake. Dazhai wanalijua hilo: sehemu ya mapato ya tiketi na ya magari ya kebo inarudi kijijini kila mwaka, na kwenye mgao wanaangalia majaruba yanayolimwa. Ukiliacha shamba liote nyasi, unakosa.

Naomba maoni yenu, maana na sisi milima tunayo, ila vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Uchaggani, vinakufa kwa sababu vijana wanaona aibu kushika jembe.

Mwana wa Uru
Dada, nilikuwa nakusoma vizuri mpaka ulipofika kwenye huo mstari wa mwisho. Aibu ya jembe? Umewahi kulala Uru hata usiku mmoja? FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 waliitambua Shimbwe Juu, kihamba chetu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, mwaka uleule na Engaresero ya Wamasai. Hao Longji wako wameingia orodha hiyohiyo 2018, tena pamoja na ngazi nyingine za kusini mwa China. Tumewatangulia miaka saba! Hawatambui kitu kilichokufa.

Kihamba kina migomba, chini yake kahawa na magimbi, juu mringaringa, na mfongo unapita katikati kuleta maji ya mlimani. Kinachokiua ni hesabu. Babu alikuwa na eka tatu na watoto wa kiume sita. Piga mwenyewe. Halafu 1989 mkataba wa kugawana mauzo ya kahawa duniani ukavunjika, bei ikaanguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Kijana amerithi kipande cha kujenga nyumba na choo, wewe unamwambia anaona aibu!

Mkamba wa Kangundo
Pole ndugu wa Uru, lakini kulalamika si kilimo. Sisi Ukambani tulichonga ngazi bila geti wala tiketi. Machakos miaka ya thelathini ilikuwa makorongo matupu, mkoloni alishaandika kwamba nchi imekufa. Baadaye akina mama wa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, walichimba mitaro ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa mlimani, mvua zenyewe zikamalizia kusawazisha. Hadi leo tunakula. Watu wa kwenu Tanzania mlipewa ngazi mkazikataa, Waluguru hata walifanya fujo. Sasa mnataka kulipwa ili mlime shamba lenu wenyewe?

Binti Matombo
Fujo? Tafadhali sana. Usiongelee Uluguru kama umeisikia redioni. Ule mpango wa Waingereza wa mwanzoni mwa miaka ya hamsini ulimlazimisha kila mlipa kodi kuchonga matuta ya ngazi, asiyechonga anapelekwa barazani kutozwa faini. Bibi yangu alichonga. Akapanda mahindi, yakatoka ya njano mafupi, wakati shamba la zamani pembeni lilikuwa linazaa. Mvua kubwa ikija tuta linaporomoka lote na kuangukia la chini. Watu walisema kwa heshima wee, hawakusikilizwa. 1955 wakasimama, na mpango ukafa. Mimi najivunia hilo hadi kesho. Na mkoloni aliwalazimisha hata ninyi Wakamba, mkachukia vilevile, umeliruka hilo makusudi.

Mkamba wa Kangundo
Sikuliruka dada. Nasema tulichukia amri, hatukuchukia ngazi.

Binti Matombo
Basi sema hivyo toka mwanzo.

Bwana Shamba Mstaafu
Vijana, mnagombana juu ya vitu viwili tofauti mkiviita jina moja. Ngazi ya Uluguru ilikuwa ya mazao ya nchi kavu kwenye mteremko mkali wenye udongo wa juu mwembamba. Ukichonga benchi pale unauzika udongo mweusi na kuuleta juu ule mwekundu usio na rutuba. Bibi wa Matombo aliona sawasawa, mahindi yake yalikuwa yanamwambia ukweli. Tena maji yalituama nyuma ya benchi, yakalainisha mlima, ukaporomoka.

Jaruba la mpunga ni jambo jingine. Sakafu yake inavurugwa kwa maji na kukanyagwa mpaka tope linabana kama... basi, linabana na halipitishi maji. Juu kabisa mlimani wanaacha msitu unywe mvua, chini ya msitu wanaweka kijiji, chini ya kijiji majaruba, na maji yanashuka jaruba hadi jaruba. Uzuri wa picha unatokana na huo mpango wa maji. Sasa sikilizeni kinachotokea jaruba moja likiachwa. Sakafu inakauka, inapasuka. Mvua inayofuata inaingia kwenye nyufa, ukingo unabomoka, tope linamwangukia jirani wa chini ambaye hana kosa lolote. Kwa hiyo kumlipa mtu alime siyo zawadi. Ni kumlinda mwenzake wa chini.

Wafilipino wa Ifugao wanalijua hilo kwa uchungu. UNESCO iliziandika ngazi zao 1995, na kufika 2001 zikawa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu vijana walihamia mijini na kuta zikawa zinaanguka bila wa kuzijenga. Zilitolewa kwenye orodha hiyo 2012 baada ya kazi kubwa. Watalii walikuwepo miaka yote hiyo. Wageni kuja hakujengi ukuta mpaka hela yao ielekezwe ukutani.

Mwana wa Uru
Mzee shikamoo. Umesema "vijana walihamia mijini". Naomba na wewe useme kwa nini walihama, usiache ionekane ni aibu ya jembe.

Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba. Mpunga wao wa kienyeji unavunwa mara moja kwa mwaka, na shamba ni dogo. Chakula kinapatikana, ada ya shule haipatikani. Umeridhika?

Mwana wa Uru
Sana.

Msomi wa Nanning
Mimi nasoma Guangxi huku na Longji nimekwenda na wenzangu wa darasani. Mama Shehena ametuonyesha upande mzuri tu. Njiani kabla ya kufika Dazhai kuna kijiji cha Huangluo, cha tawi la Wayao waitwao Wayao Wekundu, maarufu kwa nywele. Wanawake wake wanakata nywele mara moja maishani, wakifika miaka 18, na nywele zile zilizokatwa hawazitupi, wanazisuka ndani ya fundo la kichwani. Wanaziosha kwa maji ya mchele yaliyochachushwa. Zamani nywele zilizofunguliwa waliziona mume na watoto tu, basi. Siku hizi kuna ukumbi, unalipa, wanapanda jukwaani kwa mstari, wanafungua, wanachana, muziki unapigwa, watu wanashangilia. Nilitoka nje kabla haijaisha. Mtu anapouza hadi siri ya chumbani kwake, hiyo tiketi imemsaidia nini?

Bint Shangani
Kaka Msomi, wewe ulitoka nje, wao wakabaki kumalizia zamu yao ya kazi. Nani alikuomba uwaonee haya? Uliwauliza? Unasoma huko kwao, ungeweza kuuliza.

Sisi Unguja ngoma ya unyago ilikuwa ya ndani, mwanamume hapiti hata mtaani. Marehemu Bi Kidude aliitoa hadharani, akapiga msondo wake majukwaani hadi Ulaya akiwa bibi mzima. Alijua cha kuonyesha na cha kuacha ndani. Mwanamke anayejua thamani ya kitu chake ndiye anayejua amfungulie nani na kwa bei gani. Mbona hamkuumia kwa yule baba wa koleo aliyepigwa picha? Kwa sababu ni mwanamume na ana jembe?

Msomi wa Nanning
Bi mkubwa, wapo wazee wa Unguja waliokasirika na Bi Kidude, usifanye kama hawakuwepo. Na baba wa koleo alikuwa kazini kwake. Asingelipwa na mtalii angeziba ukingo vilevile.

Bint Shangani
Walikuwepo, na bibi aliendelea kupiga ngoma hadi uzeeni, akafariki 2013. Hao waliokasirika hawakumlipia kodi ya nyumba.

Na hao kina mama wa Huangluo, mchana jukwaani, jioni wanarudi kupalilia. Wewe umeona kipande cha siku yao ukakiita maisha yao yote.

Mkamba wa Kangundo
Hapo Bint Shangani amefunga.

Mama Shehena
Jamani, nywele zimetuteka. Nilichouliza ni tiketi! Ila niongeze jambo nililoliona, maana linahusu kina mama haohao. Chini ya Dazhai barabara inaishia, juu ni ngazi za mawe. Kina mama wa makamo, wengine nywele mbele zimefungwa fundo, wanakaa pale na matenga ya mgongoni wakisubiri masanduku ya wageni. Mama mmoja alichukua la kwangu na la mtu mwingine akayapandisha yote mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni. Wakati huohuo magari ya kebo yanapita angani yamejaa watu ambao hawatamgusa mtu yeyote wa kijiji. Wanapanda, wanapiga picha, wanashuka, wanarudi Guilin jioni. Tiketi ya geti angalau inawashika na hao.

Mwana wa Uru
Dada, hapa umesema neno, na nakurudia kwa amani. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza mpango wa kebo Kilimanjaro, wagumu wetu, yaani wapagazi wa mlimani, walipinga, na walikuwa na haki. Mgeni wa kawaida anatembea siku tano au sita, nyuma yake kuna timu nzima ya wagumu, mpishi na mwongozaji. Kebo ingemrudisha hotelini mchana. Hebu niambie, hao kina mama wa matenga waliulizwa kabla ya nguzo kusimikwa?

Mama Shehena
Sikuwauliza, ila kebo hiyo nayo inalipa mgao kijijini. Hiyo ndiyo tofauti ninayoililia. Kebo isiyomjua mwenye shamba siitaki hata mimi. Na nikuulize wewe: Shimbwe ikianza kupokea wageni kwa wingi, mtakubali tiketi?

Mwana wa Uru
Tiketi nakubali, geti nakataa. Geti lina mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo siku zote atatoka mjini. Mgeni alipe kwenye kamati ya mfongo. Kamati inayo daftari, inajua nani alikuja kusafisha mfereji na nani hakutokea. Mgao ufuate daftari hilo. Mwenye nyumba ya ghorofa ambaye kihamba chake kimekuwa uwanja wa kuegesha magari asipate hata shilingi.

Binti Matombo
Hilo la daftari hata Uluguru lingepita. Tofauti na faini ya barazani ni kwamba daftari mnaliandika wenyewe.

Bwana Shamba Mstaafu
Angalieni tu mgao usihesabu eneo peke yake. Mwenye majaruba mengi atachukua nyingi, na mjane mwenye vipande viwili ndiye ambaye kingo zake zikibomoka zitaharibu za wote chini yake. Mpimeni mtu kwa kazi iliyofanyika, na asiyeweza kuinama tena alipiwe kijana wa kumfanyia.

Msomi wa Nanning
Mzee, na jukwaa la nywele nalo liingie kwenye hilo daftari? Nauliza kwa dhati.

Bint Shangani
Liwe na daftari lake, walishike wao.

Mke wa Tabora
Nimewasoma toka mwanzo. Mimi nimezaliwa Uru nikaolewa Tabora. Desemba nikija Krismasi na watoto wanne na mzee wao, kwenye hiyo tiketi yenu tunahesabiwa wageni au wenyeji?

Mwana wa Uru
Wenyeji, shemeji na watoto pia. Siku ya kusafisha mfongo inatangazwa kanisani, mje na majembe.