Wauza "busta za FM", mnatuuzia vifaa vya TV halafu mnatuona mazuzu?

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Niko Lushoto, nyumba iko bondeni. Sabufa yangu ina ule uwaya mwembamba wa antena unaoning'inia nyuma. Stesheni mbili zinashika, zilizobaki mikwaruzo mitupu. Mdogo wangu alikuwa Dar, nikamwagiza antena ya ndani yenye busta (kile kikuza mawimbi). Akaingia duka moja Kariakoo (silitaji) akaeleza kabisa kwamba ni ya redio, siyo ya TV. Jibu alilopewa: "Hii ndiyo yenyewe dogo, dijitali, inavuta kilomita 200." Elfu 45 ikatoka.

Kuifunga tu, hata zile stesheni mbili zikapotea!

Nikachukua kile kikaratasi cha ndani ya boksi, maandishi ya sisimizi. Masafa: 470 hadi 862 MHz. Hayo ni ya TV jamani, FM iko 87.5 hadi 108. Nashuka chini, wameandika kwamba busta ina kichujio cha KUZUIA FM. Kinawekwa makusudi, kwa sababu mawimbi ya redio yakiwa na nguvu yanaivuruga busta ya TV. Yaani nimelipia kifaa kilichoundwa ili redio isipite! Na juu ya boksi kuna stika imeandikwa "FM". Imebandikwa kiwandani au dukani? Hapo ndipo ninapotaka majibu. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeandikwa ng'ombe.

Hiyo "dijitali" nayo ni ya kutupiga tu. FM tunayosikiliza ni analojia mpaka leo. Iliyoanza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 ni analojia ya TV, redio haikuguswa. Na kilomita 200 kwa antena ya kubandika ukutani, ndani ya nyumba ya bati na nondo, huku mlima umekaa katikati? FM inataka njia iliyo wazi. Busta inakuza kile tu ambacho antena imeshakamata. Ikikamata mikwaruzo, utapata mikwaruzo yenye sauti kubwa. Halafu busta yenyewe inakula umeme wa chaja ya USB ya bei chee, na chaja hizo zinamwaga kelele kwenye FM. Taa nyingi za LED vilevile. Zizime moja moja uone.

Kilichonisaidia ni fundi wa hapa mtaani. Kachukua waya wa kawaida wa nyuzi mbili, kachanua ncha zake kama herufi T, kila mkono sentimita 75. (Wimbi la 100 MHz lina urefu wa mita 3, robo yake ndiyo hiyo 75.) Uzi mmoja kauunga kwenye ule uwaya wa sabufa, wa pili kwenye gamba la nje la tundu la AUX, T ikapigiliwa juu ya dirisha. Haikufika elfu tano pamoja na soda yake. Taarifa ya habari nasikia, mpira nasikia. Kuna stesheni bado zinakoroma, lakini huo ni mlima, simlaumu mtu.

Dogo aliporudi dukani akaonyeshwa bango: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Risiti yenyewe ya kuandikwa kwa mkono, "antena pc 1", basi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sioni upotoshaji unaozidi huu.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi ya namna hii, aseme alipitia wapi na alihitaji karatasi gani. Na nyie wauzaji mliomo humu, msinifuate PM na ofa ya "toleo jipya". Jibuni hapa hapa: hiyo stika ya FM mnaitoa wapi?