Naomba ushauri: wazee waliowahi kuanguka hawaji mazoezini

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Tumeanzisha mazoezi ya wazee mtaani ili kupunguza kuanguka. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku 3 kwa wiki, nasi tunafuata hivyo: kuinuka kitini bila kujishika, kunyanyua visigino, kutembea kwa kufuatisha nyayo.

Wanaokuja ni wenye miguu imara. Waliokwisha kuanguka, ambao ndio hasa tunaowalenga, wanaogopa hata kuvuka kizingiti. Tumewatembelea na kuzungumza na watoto wao, wanaahidi, hawatokei. Inaniuma sana.

Je, tuwaanzishie nyumbani kwanza? Na anayetembelea mkongojo, msaidizi asimame upande gani?