Ni kipi hasa kinachomfanya mtu awe wa tabaka la kati?

Mdadisi
Ndugu wanajukwaa, kuna jambo ningependa tulijadili kwa utulivu. Mimi na mume wangu sote ni waajiriwa na tumesoma hadi chuo kikuu, ada za watoto hulipwa kwa wakati, na karibu kila kipimo ninachokutana nacho kinatuhesabu kuwa watu wa tabaka la kati. Hata hivyo, nyumba tunayoishi ni ya kupanga, gari bado lina mkopo, na mshahara ukichelewa wiki mbili tu tunakaa mezani kuamua bili ipi ilipwe na ipi isubiri. Kaka yangu hakumaliza sekondari, lakini ana duka la vipuri na nyumba isiyodaiwa hata senti. Yeye hujiita mtu wa kawaida, na sisi hutuita wakubwa kwa kejeli. Je, tabaka la kati hupimwa kwa kipato, kwa elimu na aina ya kazi, kwa mali, au kwa jinsi mtu anavyojiona?

Mpiga Hesabu
Dada, jibu hutegemea nani ameshika rula. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), katika ripoti yake ya 2019, liliihesabu kaya kuwa ya kati ikiwa kipato chake kiko kati ya asilimia 75 na 200 ya kipato cha katikati cha nchi husika, yaani kile ambacho nusu ya watu wako juu yake na nusu wako chini yake. Kipimo hicho kinakulinganisha na wananchi wenzako. Wengine huweka kiasi maalumu cha fedha: mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitumia matumizi ya dola 2 hadi 20 kwa mtu kwa siku, ikapata kwamba zaidi ya theluthi moja ya Waafrika wamo. Benki yenyewe ilieleza kwamba wengi wa hao walikuwa kati ya dola 2 na 4, watu wanaoelea, ambao msukosuko mmoja unatosha kuwarudisha kwenye umaskini; ukiwaondoa, inabaki takriban asilimia 13. Kwa maoni yangu, kumweka mtu wa dola 2 kwa siku katika tabaka la kati ni kumpamba kwa jina tu. Zingatia pia kwamba vipimo hivi huangalia fedha zinazoingia au zinazotumika, wala havigusi mali na madeni. Ndiyo maana nyumba ya kaka yako haionekani humo, wala mkopo wa gari lako.

Msomaji wa Historia
Kihistoria, kaka yako ana haki zaidi ya jina hilo kuliko wewe. Watu waliosimama kati ya makabaila na wakulima wa Ulaya walikuwa wafanyabiashara, wenye karakana na wanasheria. Waajiriwa wa ofisini waliongezeka baadaye, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, serikali na makampuni makubwa yalipohitaji makarani, wahasibu na wasimamizi kwa wingi. Kwa Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 19, swali la msingi lilikuwa nani anamiliki nyenzo za uzalishaji na nani anauza nguvu kazi yake, na kwa rula hiyo mwenye duka ni bwanyenye mdogo, yaani mmiliki wa mali kidogo ya kuzalishia, ilhali wewe na shahada zako ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Mwanasosholojia Max Weber aliona hilo halitoshi, akatenganisha nafasi ya mtu sokoni na heshima anayopewa na jamii. Hapo kejeli ya kaka yako inaeleweka: amekuzidi kwa mali, umemzidi kwa hadhi, na kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kidogo.

Mchumi wa Zamu
Msimharakishie kaka ushindi. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, katika makala yao ya 2008, walichunguza takwimu za kaya kutoka nchi 13 zinazoendelea, wakakuta kwamba biashara za watu wa kati hazikutofautiana sana na zile za maskini: nyingi zilikuwa ndogo, zenye mtaji mdogo na wafanyakazi wachache au bila mfanyakazi wa kulipwa. Kilichowatofautisha zaidi ni ajira yenye mshahara wa uhakika. Mtu anayejua tarehe ya malipo na kiasi chake anaweza kupanga ada ya mwaka mzima na kukubaliwa mkopo, wakati jirani yake mwenye faida kubwa zaidi, lakini ya kupanda na kushuka, hujiwekea akiba kwa hofu na kukwama akiugua mwezi mmoja.

Mdadisi
Nashukuru, lakini uhakika huo ni wa mwajiri, si wangu. Barua moja ya kusitisha mkataba ikija, mimi nabaki na nini?

Mchumi wa Zamu
Unabaki na akiba yako, mafao kama yapo, na sifa za kukutafutia kazi nyingine. Ndiyo maana mimi hupendelea kuuliza miezi mingapi kaya inaweza kuendesha maisha yale yale bila malipo mapya. Jibu likiwa chini ya mwezi mmoja, sioni tofauti kubwa kati yenu na wale wanaoelea, ingawa kipato chenu ni kikubwa mara nyingi zaidi.

Msomaji wa Historia
Ongezeni na urithi. Mtoto wa kaka ataachiwa duka lenye bidhaa na wateja. Watoto wako wataachiwa kile mwanasosholojia Pierre Bourdieu alichokiita mtaji wa kitamaduni: mazoea ya kusoma na namna ya kuzungumza mbele ya mwajiri. Shahada yenyewe hairithiwi, kila kizazi hufanya mitihani yake upya, na nadhani sehemu kubwa ya mshahara wenu inaishia kwenye ada kwa sababu hiyo.

Mpiga Hesabu
Duka nalo hufilisika, ndugu yangu, tena mara nyingi mikononi mwa mrithi ambaye hakufundishwa kutunza daftari la hesabu.