Mrejesho: Mkimbiaji aliyejinyima chakula
Ndugu zangu, kwa mnaokumbuka swali langu la iwapo mkimbiaji wa kiume anaweza kuugua kwa kujinyima chakula, jibu ni ndiyo, na mgonjwa mwenyewe nilikuwa mimi. Maumivu ya muundi yalibainika kuwa ufa katika mfupa, na daktari akaeleza kwamba upungufu wa nishati, ambao Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitamka mwaka 2014 kuwa huwapata wanaume pia, hushusha homoni na kudhoofisha mifupa. Aliponiuliza mimi ni nani nisipokimbia, nilinyamaza (mtaani huniita Mwepesi, na jina hilo nililipenda mno). Mizani nimempa dada aifiche. Jana nilimaliza sahani ya ugali, ingawa tonge la mwisho nililizungusha mdomoni kwa muda mrefu.