Picha ya Yusufu na Zulekha: mbona vyumba vyote viko wazi?

FundiRangi_Kibirizi:
Wakuu, habari za humu. Mimi naandika majina na semi kwenye maboti hapa Kibirizi, Kigoma. Jamaa kanitumia picha ya kale ya Kiajemi, Yusufu anamkimbia Zulekha, mke wa bwana wake anayemtongoza. Jumba zima liko wazi kama limepasuliwa, ngazi zinapinda huku na huku, milango imefungwa, kivuli hakuna hata kimoja. Na maandishi mpaka ukutani! Huyu fundi nyumba zilimshinda, au ana lake? Na hayo maandishi ni aya?

BintiUjiji:
Ana lake, kaka. Hiyo ni kazi ya mchoraji Behzad, mji wa Herat (Afghanistan ya leo), mwaka 1488, ndani ya nakala ya Bustan, kitabu cha mashairi cha Saadi, mshairi wa Kiajemi. Kitabu chenyewe kiko Cairo. Mimi niliyekulia chuo cha Kurani jicho lilikwenda kwenye hati kwanza: ni mashairi ya Kiajemi. Beti za Saadi ni zile zilizo ndani ya vijisanduku. Sasa utamu uko hapa: Saadi hakutaja jumba la vyumba saba. Hilo ni la Jami, mshairi aliyekuwa hai Herat hiyohiyo, na baadhi ya maandishi ya kwenye jengo ni beti zake. Behzad kapewa shairi la huyu, kachora la yule! Kwa Jami, Zulekha anamwingiza Yusufu chumba hadi chumba, kila mlango anaufunga nyuma yao. Ukichora kama kamera utapata chumba cha mwisho tu. Behzad anataka macho yako yapite milango yote.

Mnyamwezi_Asili:
Mnampamba bure. Walichora bapa kwa kuogopa dini.

BintiUjiji:
Mzee wangu, aliyekitaka kitabu ni Sultani Husayn Bayqara, mtawala wa Herat, na nyuso zimo, macho na nyusi. Mtu mwoga angeanza kuficha hapo.

FundiRangi_Kibirizi:
Dada, ile bluu je? Yangu jua la ziwani linaipausha mapema mno.

BintiUjiji:
Bluu bora ya mafundi hao ilikuwa jiwe, lapis lazuli la Badakhshan, huko Afghanistan, linasagwa na kusafishwa. Na picha ilikaa ndani ya kitabu kilichofungwa, haikupigwa mawimbi kama boti zako.

FundiRangi_Kibirizi:
Na ule moto kichwani kwa Yusufu? Mwanangu kauliza kama anaungua.

BintiUjiji:
Mwambie haungui, huyo ni nabii. Wachoraji wa huko manabii waliwavika miali ya dhahabu.