Nimechoka na "inshallah tutaonana" zenu

Jamani, leo niacheni nitapike nyongo, nikinyamaza nitapasuka.

Miezi miwili nyuma niliteleza kwenye ngazi za gati hapa Amu, mji wa Lamu. Maji yamekupwa, ngazi imeota mwani, kifundo cha mguu kikavunjika. Wiki sita plasta. Nimelala ghorofani nahesabu boriti za dari, ziko 22, kama kuna anayetaka kujua.

Kikundi chetu cha WhatsApp tuko 14. Wote tumekulia mtaa wa Mkomani, chuo kimoja cha Kurani, mwalimu mmoja, bakora moja. Siku ile pole zilimiminika, na vile vikono vya dua, mpaka simu ikazima. Miguu iliyopanda ngazi zangu? Miwili. Ya mtu mmoja, na kikundini hayumo: mwenye punda aliyenibeba kutoka gatini. Siku ya tatu akarudi na papai, akaketi mpaka adhana ya Isha akinipa habari za mjini.

Lakini lililonichoma ni hili. Usiku mmoja nasikia kikohozi chochoroni, chini ya dirisha langu. Kikohozi kile nakijua tangu darasa la nne. Hapo hapo simu ikalia: "Nnduu yangu, niko Mpeketoni, nikirudi nitapita inshallah." Mpeketoni, mji wa huko bara! Vichochoro vyetu mtu na punda wanapishana kwa taabu, sauti ya chini inapanda mpaka kitandani. Nikamsikia anacheka na simu yake, viatu vikaenda zake.

Msiniambie maisha magumu. Anayevuka maji kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, alfajiri kwenda kibarua bandarini simlaumu, anarudi usiku mgongo umekufa. Nasema na nyinyi wa mtaa wa Langoni, mwendo wa dakika kumi na bado mnasimama njiani kununua mahamri.

Yuko mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Jeffrey Hall, aliyetoa hesabu yake mwaka 2018: watu wasiojuana huhitaji kama saa 50 pamoja ili wawe marafiki wa juu juu, na zaidi ya 200 ili wawe wa chanda na pete. Saa za kazini hazina uzito huo. Nilicheka peke yangu na plasta yangu. Barazani tulikuwa tunakaa saa mbili kila baada ya Isha. Siku mia tu, saa 200 hizo. Dele la kahawa chungu linazunguka, huyu anamwibia yule kashata, la maana halisemwi hata moja. Halafu watu wakishapungua, ndipo mtu anatamka polepole kwamba ana deni, au kwamba nyumbani hakulaliki. Nani ataandika hayo mbele ya watu 14? Sasa baraza ile ile wamekalia paka.

Nami nina langu, nalijua. Mmoja wenu alipofiwa na babake nilimtumia elfu moja kwa simu, hata hitimani sikwenda. Nilisema kazi. Ilikuwa mechi.

Basi plasta imetoka, nachechemea. Kesho baada ya Isha niko barazani, kahawa juu yangu, kashata aje nayo yule wa Mpeketoni. Asiyekuja asinitumie vikono vya dua.