Gumzo la klabu ya baiskeli: aliyeachwa nyuma Jumamosi

Katibu: Habari za jioni, ndugu wanachama. Nimeona tulizungumze jambo la Jumamosi iliyopita kabla hatujapanga msafara mwingine. Mdogo wetu aliyejiunga mwezi uliopita alipata pancha kwenye mteremko wa mwisho, na msafara mzima ukaendelea bila hata mmoja wetu kugeuza shingo. Alisukuma baiskeli kwa zaidi ya saa moja. Naomba kila mtu aseme analoliona, bila kumvunjia mwenzake heshima.

Mwanachama mpya: Shikamooni wakubwa zangu. Sina kinyongo na yeyote. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo, na pampu pia, ila sikujua kulitoa tairi kwenye rimu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko kuachwa.

Mzee wa klabu: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Kosa hilo si lako hata kidogo, ni letu sisi tuliokupokea bila kukufundisha. Nilipojiunga na klabu hii, gia tulizibadilisha kwa kijiti kilichofungwa kwenye fremu, ukiachia mkono mmoja usukani na kutafuta meno kwa kusikiliza mlio wa cheni, lakini hakuna aliyeruhusiwa kwenda safari ndefu kabla hajaziba pancha mbele ya wenzake. Unalitoa tairi, unaijaza tyubu upepo kidogo na kuipitisha karibu na shavu mpaka uhisi inapovuja, unasugua kwa msasa, unapaka gundi nyembamba, kisha unasubiri. Wengi hushindwa hapo pa kusubiri, kwa sababu gundi ikiwa bado inang'aa kiraka hakishiki. Na kabla ya kurudisha tyubu unapitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, kwani mwiba uliotoboa mara ya kwanza bado umo, nao utatoboa tena.

Zaidi ya hayo, nafasi ya mwisho kwenye msafara hakupewa aliye dhaifu. Alipewa mzoefu kuliko wote, tukamwita mfunga msafara, na yeye ndiye aliyebeba spana, viraka na pampu. Akisimama yeye, wote tunasimama.

Kaka wa mbele: Shikamoo mzee. Nilikuwa ninaongoza siku ile, kwa hiyo naomba radhi kwanza kwa dada yetu, kisha kwa klabu nzima. Nilikuwa nikitazama kasi kwenye kifaa kilicho juu ya usukani, kwa sababu kipande kile cha barabara tunashindania muda kwenye simu, na nilitaka kuvunja rekodi yangu. Hata hivyo, nawaomba msivilaumu vifaa vyenyewe. Vimenisaidia kupanga mazoezi, kujua lini moyo umechoka na lini mimi ni mvivu tu, na wengi wetu tulioanza kushindana tusingefika hapa bila hivyo.

Mama wa klabu: Asante kwa kuomba radhi, mwanangu. Jambo moja tu nataka ulifikirie. Anayejificha upepo nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo sana kuliko anayeukata peke yake; kwenye tambarare, kwa mwendo mkali, tofauti inaweza kufika theluthi moja. Maana yake ni kwamba mtu akiachwa mita chache tu, hata kama ana miguu sawa na yako, upepo wote unamwangukia yeye na hawezi tena kuifunga nafasi ile. Nyinyi mliona ameshindwa, kumbe mwendo wenu ndio uliomkata.

Mimi nilijiunga nikiwa mwanamke peke yangu. Mbio za barabarani za Olimpiki wanaume walizianza mwaka 1896, sisi tukaruhusiwa mwaka 1984, kwa hiyo mnaweza kuelewa tulivyotazamwa. Nilibaki kwa sababu ya mtu mmoja ambaye kila kilele cha mlima nilimkuta ameshuka, amechutama, anakagua cheni yake. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba cheni ile haikuwa na tatizo lolote.

Mwanachama wa zamu: Kwa nini tusigawanyike makundi mawili, wenye kasi na wasio na kasi, kila mtu akawa na amani?

Mzee wa klabu: Siku za mazoezi makali gawanyikeni, sina pingamizi. Jumamosi iwe ya wote. Vijana wangu, mashindano nayapenda kuliko mnavyodhani. Mwaka 1913, kwenye Tour de France, uma wa mbele wa baiskeli ya Eugène Christophe ulikatika mlimani Tourmalet. Kanuni zilimtaka aitengeneze mwenyewe, hivyo alitembea na baiskeli begani hadi kijiji cha bondeni, akauunga uma kwa moto wa mhunzi, na bado akaadhibiwa kwa kuwa kijana mmoja alimvutia mivukuto. Namheshimu mno mtu yule. Lakini ile ilikuwa kanuni ya mashindano. Binti huyu alikuja kwetu kwa matembezi, nasi tukampa kanuni ya Christophe bila kumwambia.

Kaka wa mbele: Nimekuelewa, mzee. Jumamosi hii naomba mimi niwe mfunga msafara.

Mama wa klabu: Utafunga pamoja nami, maana kazi hiyo nayo hufundishwa. Kifaa chako kiweke mfukoni, macho yako yawe kwenye migongo ya walio mbele. Anayeanza kuchoka mabega huyumba kabla miguu haijapungua mwendo.

Katibu: Naandika basi: Jumamosi msafara ni mmoja, vilele vyote tunasubiriana, na aliye mbele hapandishi kasi mpaka apate ishara kutoka nyuma. Wanachama wapya wafike nusu saa kabla ya kuondoka.

Mwanachama mpya: Nitafika mapema zaidi. Mzee, tyubu ile iliyotoboka niitupe?

Mzee wa klabu: Usiitupe, binti yangu. Njoo nayo. Msasa na gundi ninavyo.